UZI: Kwa nini vampaya wa riwaya za vijana anapenda bila kuuma?

#1 KurasaZaUsiku
Habari wakuu. Hoja yangu fupi. Shika riwaya yoyote ya mapenzi ya vampaya, yule kiumbe anayeishi kwa kunywa damu, wanayoandikiwa vijana, za Marekani hasa. Kijana ana kiu, msichana ana shingo, na kurasa mia nne zinaisha shingo ikiwa salama. Anamwangalia akilala, anamwokoa asigongwe na gari, anamsindikiza shule, lakini kuuma hakuna. Nadai huu ni woga wa wachapishaji. Kitabu kinalenga watoto wa miaka 12 hadi 18, anayelipa ni mzazi, basi chonge zimeng'olewa kabla ya kwenda dukani. Anayepinga alete vitabu, asilete hisia.

#2 MzeeWaFaharasa
Umeanza kwa kujifunga goli. Vitabu hivi hapa. *The Silver Kiss* cha Annette Curtis Klause, 1990: Simon anakunywa damu ya Zoë. *The Vampire Diaries* cha L. J. Smith, 1991: Stefan anakunywa damu ya Elena kabla kitabu cha kwanza hakijaisha. Vyote viliandikiwa vijana, na sioni kwa nini mzazi wa 1991 awe mlegevu kuliko wa 2005. Hata *Twilight* ya Stephenie Meyer (2005), unayoilenga bila kuitaja, haikusaidii. Kitabu cha kwanza tu, Edward, vampaya mwenyewe, anaweka mdomo kwenye mkono wa mpenzi wake Bella anyonye sumu aliyoachiwa na James, vampaya adui, na hapo anaonja damu yake. Kwa hiyo "hajamuuma" ni utetezi wa wakili.

#3 KarangaMbichi
Nimeshapata kiti. Endeleeni.

#4 FundiHadithi
Mimi naona kujizuia ndiyo injini yenyewe, mchapishaji apende asipende. Riwaya ya mapenzi inataka kizuizi cha kudumu sura 20 na zaidi. Zamani kulikuwa na baba mkali, dini, posa ya tajiri. Msichana wa sekondari wa Marekani wa 2005 hana hata kimoja. Baba yake Bella ni mkuu wa polisi wa mji, ana bunduki, na kijana bado anaingia kwa dirisha. Kiu ya damu inaziba hilo pengo, maana kizuizi kinakaa ndani ya mpenzi mwenyewe. Hakisafiri, hakihongwi, na kinakua kadiri mapenzi yanavyokua. Akimuuma sura ya tano, umezima gari mlimani.

Angalieni tukio la darasa la baiolojia. Meza ya watu wawili, kiti kitupu kiko karibu na Edward. Bella anakaa. Jamaa anajisogeza mpaka ukingo wa kiti, macho meusi, ngumi imekaza kipindi kizima. Bella ananusa nywele zake mwenyewe: zinanukia stroberi, shampuu yake. Hajui kosa lake ni nini. Msimulizi ana ushahidi wote mkononi na hukumu anayotoa siyo. Ndiyo faida ya nafsi ya kwanza pale: hatari inaingia ikiwa imevaa aibu ya mwanafunzi mgeni.

La pili ni rangi ya macho. Dhahabu: amekula, tena wanyama. Nyeusi: ana njaa. Nyekundu: amekunywa mtu. Hiyo ni geji ya mafuta. Mwandishi hana haja ya kusema "leo ni hatari", anataja rangi tu na msomaji anajikunja. Wanaoiga wanabeba rangi wanaiacha geji. Macho ya zambarau sura ya 2, ya fedha sura ya 9, na tumboni hakuna kilichobadilika.

#5 DadaChonge
#4 umeruka mtego, maana hapa huwa lazima mtu alete feni. Feni inayompepea Edward harufu ya Bella ni ya filamu ya 2008. Kwenye *Midnight Sun* (2020), tukio hilohilo likisimuliwa na Edward, ni hewa ya moto kutoka tundu la kupasha chumba joto ndiyo inayompelekea harufu. Na hapo mbinu uliyoisifu inakufa. Ukiwa kichwani mwake unasoma mpango wa kuua darasa zima ili asibaki shahidi. Unashtuka, ndiyo, lakini fumbo limekwisha, na kitabu ni kinene kuliko cha kwanza.

#6 PwaniMsomi
Mnazunguka mbuyu. Stephenie Meyer ni Mmormoni, dhehebu linalotaka usafi mpaka ndoa. Bella anataka, Edward anasema mpaka ndoa, na ndoa inafungwa kitabu cha nne, 2008. Kuuma ni kivuli cha tendo la ndoa. Kitendawili kimeteguliwa.

#7 MzeeWaFaharasa
Kimeteguliwa kwa kitabu kimoja. Sasa tegua *Buffy*, tamthilia ya televisheni ya Joss Whedon, msimu wa pili, Januari 1998. Angel, vampaya, analala na Buffy, anaonja furaha kamili, roho inamtoka, usiku huohuo anaamka muuaji. Onyo ni lilelile na Whedon si Mmormoni. Tena vampaya anayejichukia ni mkongwe kuliko hao wote. Lord Ruthven wa Polidori, 1819, hana soni hata kidogo. Lakini Varney wa vijitabu vya senti vya Uingereza, 1845 hadi 1847, anachoka na nafsi yake mpaka anajitupa ndani ya Vesuvius. Louis wa Anne Rice, 1976, analia kitabu kizima. Riwaya za vijana zilimpokea akiwa tayari analia, zikamtafutia daftari na dawati.

#8 Kiberiti
Mzee umemruka Dracula, 1897, aliyeweka sheria zenyewe: kitunguu saumu, msalaba, jua linamuua. Meyer ndiye aliyeharibu, vampaya wake juani wanametameta tu.

#9 DadaChonge
Jua halimuui Dracula. Kwa Stoker anatembea London mchana kweupe, nguvu tu ndizo zinapungua. Jua la kuua ni la *Nosferatu*, filamu ya Kijerumani ya 1922. Kwa hiyo wanaomshtaki Meyer kwa kuvunja sheria ya wahenga wanatetea sheria ya sinema.

Ila jua ni swali zito kwa mwandishi wa vijana kuliko msalaba, kwa sababu ya ratiba. Msomaji wako anashinda shuleni. Jua likiua, mpenzi hayupo darasani wala kantini wala kwenye basi, umebaki na usiku, na usiku mtoto anatakiwa awe kwao. Smith aliwapa pete ya johari ya lapis lazuli. Meyer aliwapeleka Forks, jimbo la Washington, kunakonyesha karibu milimita 3,000 kwa mwaka. *House of Night* (2007) waliigeuza shule yenyewe ifundishe usiku. Ukitaka jua la kuua na bado wakutane kwenye mtihani wa hesabu saa nne asubuhi, utaishia kuandika mapazia.

#10 NesiWaZamu
Kuuma kuna hesabu yake, na hapo ndipo vitabu vingi vinavuja.

Msichana wa kilo 50 ana damu kama lita 3.3, ukipiga mililita 65 kwa kilo. Akipoteza chini ya 15%, karibu nusu lita, moyo unaongeza mwendo kidogo, anakunywa maji, maisha yanaendelea. Kati ya 15 na 30%: mapigo juu, mikono baridi, wasiwasi. Akipita 30%, yaani lita moja, presha inashuka na anaanza kuchanganyikiwa. Akipita 40% bila kuwekewa damu, andaa sanda.

Benki ya damu inachukua mililita 450 kwa mara moja, kwa mtu wa miaka 18 na kilo 50 kwenda juu, na inamwambia mwanamke arudi baada ya miezi minne, mwanamume mitatu. Siyo ubahili. Maji ya damu yanarudi ndani ya siku mbili, seli nyekundu zinataka wiki kadhaa, lakini madini ya chuma ndiyo kikwazo. Chupa moja inaondoka na miligramu 200 hadi 250, na mwili unafyonza moja au mbili tu kwa siku.

Sasa njoo kwenye ile riwaya ambayo kijana "anaonja kidogo" kila usiku. Tuseme kidogo ni mililita 200, glasi ya maji. Mwezi mmoja ni lita 6. Damu yote aliyonayo, karibu mara mbili. Huyo binti hafiki kwenye dansi ya kumaliza shule. Midomo na kope kwa ndani vimepauka, anahema kwenye ngazi, kucha zimebonyea kama kijiko, anatamani kula udongo na barafu. Mwandishi anamwita "wa kuvutia, mweupe kama karatasi". Mimi ningempima wekundu wa damu.

Na shingo. Ateri ina presha, ukiitoboa haitoi matone mawili ya kimahaba, inaruka ukutani. Vena ya shingoni iko juujuu na presha yake ndogo, lakini ukiiacha wazi mtu akiwa ameketi, hewa inaweza kuvutwa ndani ikafika moyoni. Pahali pa busara ni ndani ya kiwiko, pale pale wanapochomea sindano.

#11 KarangaMbichi
"Niume kiwikoni, mpenzi." Nesi umeua soko.

#12 NesiWaZamu
Cheka, lakini Richelle Mead aliliona. Kwenye *Vampire Academy* (2007) Moroi, vampaya walio hai, wana binadamu wa kujitolea wa kuwalisha, wako kwa zamu, na mate ya Moroi yanalevya, kwa hiyo walishaji hao wamekuwa kama wala unga. Rose, mhusika mkuu, alimlisha rafiki yake Lissa, Moroi, wakiwa mafichoni, na shuleni likijulikana ni aibu. Hapo kuuma kuna gharama mwilini na gharama mbele za watu. Vitabu vingine vinakumbuka moja, vikijitahidi.

#13 Mlima_Kenya_Reads
Wasee, kwani umri tumeuweka wapi? Edward amezaliwa 1901, akageuzwa 1918 Chicago homa ya mafua ikimmaliza. Hadithi ni ya 2005. Huyo ni guka wa miaka 104 anachumbia mtoto wa Form Three. Kutomuuma ni kupunguza makali: akiwa mpole sana, msomaji anasahau kuhesabu miaka.

#14 MzeeWaFaharasa
103. Amezaliwa Juni, na Bella anafika Forks Januari.

#15 Mlima_Kenya_Reads
Asante sana, mwaka mmoja umebadilisha kila kitu.

#16 FundiHadithi
Hoja ya #13 ina nyama. Ukiwa na asiyezeeka una njia chache. Unaweza kusema amegandia 17 akilini pia, ubongo haukui, ndiyo kauli ya mashabiki wengi, lakini basi usimpe digrii mbili za udaktari na piano. Unaweza kuacha umri uwe tatizo la hadithi, watu waliseme kwa sauti. Au unafanya kama Mead: Moroi wanazaliwa, wanakua, wanazeeka, wanakufa, na wafu waliogeuzwa, Strigoi, ndio adui. Karne imeondoka mezani. Halafu Mead huyohuyo akampa Rose wa miaka 17 mwalimu wa miaka 24. Umefunga mlango, paka kapita dirishani.

#17 BiMaktaba
Samahani kuwatoa njiani. Kwa nini wote tunaandika "vampaya"? Kiswahili kina mumiani, kina mnyonya damu.

#18 PwaniMsomi
Mnyonya damu ni kupe, ni ruba, na enzi za Ujamaa alikuwa mwenye duka. Ukimwita Edward mnyonya damu, babu atauliza alikuwa na mashamba mangapi.

#19 BiMaktaba
Basi mumiani.

#20 PwaniMsomi
Mumiani ni mbaya zaidi. Kamusi za zamani zinaitaja kama dawa, kitu cheusi kama lami, na watu wakasadiki inatengenezwa kwa damu ya binadamu. Kisha jina likahamia kwa mchukuaji. Wakati wa ukoloni ndio wazimamoto wa Nairobi na Kampala, chinjachinja kwingineko. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo kwenye kitabu chake cha 2000, na kinachojirudia ni vifaa na ajira: gari jekundu, shimo, ndoo, mirija, sindano, mtu mwenye sare anayelipwa mshahara. Hafi akafufuka. Hanywi mwenyewe, anapeleka kwa bosi. Hana kiu, ana zamu. Nani atamwandikia barua ya mapenzi mtu anayekukamata kwa sababu mwisho wa mwezi umekaribia?

#21 Kiberiti
Mimi ningesoma.

#22 DadaChonge
Kiberiti unajijua. Lakini #20 umejibu swali la #1 bila kukusudia. Vampaya wa mapenzi anaweza kujizuia kwa sababu kiu ni yake. Mumiani akikuhurumia, bosi anamtuma mwingine. Kwa hiyo tuendelee na vampaya, na wingi wake uwe vampaya vilevile. Nikiona "mavampaya" tena nafunga kitabu.

#23 MhaririMchovu
Mnatafuta maana, mnasahau mikataba. *The Vampire Diaries* haikuanza na ndoto ya mwandishi. Kampuni ilibuni wazo, ikamwajiri Smith kuandika, haki zikabaki kwa kampuni. Alidhani ni kazi ya vitabu vitatu, 1991, wasomaji wakalilia cha nne kikatoka 1992. Twilight ikalipuka, mwaka 2009 ukaja mfululizo wa televisheni, naye akarudi kuandika vitabu vipya. Mwaka 2011 aliachishwa, wengine wakaendeleza wahusika aliowaumba. Mwaka 2014 akawa anaandika habari za wahusika wake kama shabiki, kupitia mpango wa Amazon uliowaruhusu mashabiki kuuza hadithi zao. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini Edward hamuumi Bella hadi kitabu cha nne, mimi nauliza mkataba ulikuwa wa vitabu vingapi. Kiu isiyokatwa inauza kitabu kinachofuata.

#24 MzeeWaFaharasa
Ila kwa Smith damu ilinywewa kitabu cha kwanza na bado mkataba uliuzika. Soma #2.

#25 MhaririMchovu
Ndiyo maana ikabidi amuue Elena mwishoni mwa cha pili. Kizuizi kikivunjika mapema unatafuta kingine kwa haraka: anazama mtoni, cha tatu anaamka vampaya, mwisho wa cha tatu jua linammaliza, cha nne anarudi. Hesabu bei ya kuuma mapema: vifo viwili.

#26 MzeeWaFaharasa
Hapo sina la kusema.

#27 KijichoChaUsiku
Mbona hamumzungumzii Holly Black? *The Coldest Girl in Coldtown*, 2013. Ukiumwa hufi wala hugeuki, unaingia baridi. Unatamani damu ya mtu mpaka unararua kuta. Ukinywa, unakufa na kuamka vampaya. Ukivumilia siku 88 bila tone, inakutoka kwa jasho na umepona. Yaani kujizuia kumehamishwa: kijana hana kazi hiyo tena, msichana ndiye anayejifungia na kuhesabu siku. Huo ni ugonjwa na karantini, wala dini na mkataba havihitajiki kuueleza.

Na kwa Klause ni msiba. Mama yake Zoë anakufa kwa saratani, nyumbani hakuna anayetaka kulitamka, na Simon ni mtu wa kwanza anayeweza kuzungumza kifo kwa sauti ya kawaida, maana amekaa nacho miaka mia tatu. Mwishoni anachagua kukaa alisubiri jua, na Zoë yuko naye. Kurasa hazifiki mia tatu, hakuna kitabu cha pili. Kwangu hicho ndicho bora katika vyote vilivyotajwa humu, na ndicho ambacho hakuna anayekiiga.

#28 KurasaZaUsiku
Nimesoma zote. Nakubali woga wa wachapishaji peke yake hautoshi. Lakini sasa nina injini, dini, hesabu ya damu, umri, mkataba, karantini na msiba. Anayetaka kuandika ya kwake kwa Kiswahili ashike lipi?

#29 FundiHadithi
Aanze na kanuni nne kwenye karatasi kabla ya jina la mhusika: anakula nini na mara ngapi kwa wiki, jua linamfanya nini, mtu anageuzwaje na kwa muda gani (kwa Meyer ni sumu, maumivu kama siku tatu), na nani anamwadhibu akikosea. Kila kanuni iumize tukio moja la mapenzi. Isiyoumiza chochote ifutwe.

Kijana wa pili asije na maua sura ya 3. Jacob, kijana wa pili wa *Twilight*, kwenye kitabu cha kwanza ni mleta habari tu, anasimulia ngano ufukweni na kuondoka. Anakuwa mshindani cha pili, Edward akiwa ameondoka. Na kuondoka kwenyewe kumeandikwa kwa kurasa nne, kila moja ina neno moja tu: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Waigaji wangetupa sura tatu za machozi hapo.

Kuangalia mtu akilala: ukiiweka, mwenye kulala ajue na aseme neno. Wasomaji wa leo hawaisamehe kama wa 2005, na wana haki.

Mwisho uamuliwe kwanza. Anageuzwa, anakufa, au wanaachana. Ukigeuza, kiu ya damu imekufa na kitabu kingine utakiandika kwa ugomvi wa wakwe.

#30 BiMaktaba
Ongeza moja: asiokote watu. Mbwamwitu wa Meyer, kina Jacob, wamepewa jina la Waquileute, kabila la kweli lenye watu wake La Push, karibu na Forks. Wana simulizi ya asili kwamba walitokana na mbwamwitu, lakini vita na vampaya ni za Meyer. Watalii wakajaa, na kabila likalazimika kueleza lipi ni lao na lipi ni la riwaya. Anayetaka kumchukua popobawa wa Pemba akampe nywele nzuri, akumbuke kwamba kule kuna watu walilala nje kwa hofu yake.

#31 Kiberiti
Popobawa na nywele nzuri. Nimecheka peke yangu.

#32 NesiWaZamu
Kabla uzi haujalala, kitu kimoja mmekipita. Mlisema Edward hamuumi mpaka kitabu cha nne. Siku yenyewe ilipofika, Bella anakufa kwa uzazi, hakuanza na meno. Alichukua bomba la sindano lenye sumu yake mwenyewe, akamchoma moja kwa moja kwenye moyo. Kuuma kulifuata baadaye, mkononi, shingoni, mguuni, kuharakisha kazi.

#33 PwaniMsomi
Sindano?

#34 NesiWaZamu
Sindano. Ya chuma, nene.

#35 PwaniMsomi
BiMaktaba, rudi. Ule mjadala wa mumiani naufungua upya.